Bolti ya Chini

Gari liko juu ya jeki tangu saa mbili asubuhi,
gurudumu la mbele kushoto limelala kwenye theluji
kama sinia iliyosahauliwa baada ya karamu.
Ni Machi kisiwani Saaremaa. Barabara zimelishwa chumvi miezi mitano,
na chumvi nayo imejilia magari.

Kalipa ya breki imeganda. Pistoni haisogei,
pedi imesagika upande mmoja hadi bati,
na wiki nzima nikikanyaga breki
gari linanivuta mtaroni.

Bolti ni mbili, ya juu na ya chini.
Alizifunga Hillar, kiangazi cha mwaka juzi,
kapiga goti papa hapa, redio ikisoma hali ya bahari.

Hillar alikuwa mtu wa kukaza.
Alikaza bomba la jikoni hadi mpira ukapasuka.
Alikaza mifuniko ya mitungi ya matango,
tukawa tunangoja mgeni mwenye misuli ndipo tule.
Pesa pia: sokoni Kuressaare walimwita mkono wa birika,
naye akicheka, huku akihesabu chenji mara ya pili.

Ya juu ilinila saa nzima.
Niliisugua kwa brashi ya waya hadi ikaonyesha uso,
nikaipaka mafuta ya kupenyeza, nikaenda kunywa kahawa,
nikarudi, nikaigonga kichwani kwa nyundo, ko, ko, ko,
bila hasira, kama anayebisha kwa jirani aliyelala.
Kisha nikafanya alichonifundisha mwenyewe:
kabla ya kuilegeza, ikaze kidogo.
Iambie kwanza kwamba haijakosea.
Ikalia, sauti nyembamba ya mlango wa ghala,
na robo ya mzunguko ikaja mkononi mwangu.

Ya chini haikutaka.
Spana iliteleza, kona zikalika,
vifundo vya vidole vikachunika kwenye diski.
Taavet wa jirani akachungulia juu ya ua:
Virve, ninayo mashine ya umeme, dakika moja tu.
Nikamwambia ngoja. Hakuelewa, akangoja.

Nikawasha tochi ya gesi,
mpira wa pini nimeukinga kwa kitambaa kilicholowa.
Chuma kikawa rangi ya chai, kisha zambarau,
kisha wekundu wa mtu aliyeshikwa na soni.
Nikakigusisha mshumaa uliobaki wa Krismasi,
pacha wa ule uliowaka kaburini kwake.
Nta ikanywewa na uzi wa bolti, ikaisha kimya.

Siku ya mazishi walinishika bega mmoja mmoja.
Jikaze, akasema mchungaji.
Jikaze, Virve, akasema Leida, dada yake.
Nami ni mtiifu. Nimejikaza miezi kumi na minne
na sasa sijui kona zangu ziliishia wapi.

Nikapigilia kwa nyundo spana ya pete iliyo ndogo kidogo,
nikaurefusha mpini kwa kipande cha bomba,
nikavuta kwa kilo zangu zote sitini na tatu.
Nguvu iliyokuwa upande wa pili naijua.
Haikuwa kutu. Kutu ilikuja baadaye, ikakuta kazi imeshafanywa.
Ni kiwiko chake, ni goti lake kwenye kokoto hizi,
ni lile neno lake kila alipomaliza:
Haitoki hiyo.

Ikatoka.
Au tuseme ilikatika, kichwa mkononi mwangu, mwili umebaki ndani.
Taavet akatukana kwa niaba yangu.
Mimi nikacheka, na kicheko kikaenda kisipoulizwa,
nikakaa chini kwenye theluji, spana mapajani.

Kesho atakuja na keekee, tutatoboa katikati polepole.
Bolti mpya nimeagiza Tallinn. Nitazipaka grisi ya shaba,
nitazifunga kwa spana yenye kipimo;
ikilia tik, naacha.

Kile kichwa nimekiosha kwa petroli, kiko mfukoni mwa aproni.
Ghalani umebaki mtungi mmoja wa matango, wa kiangazi kile.
Jioni niliushika, nikauzungusha kidogo
upande wa kukaza,
nikaurudisha rafuni.